Vidonge vya mafuta ya samaki: soma nyuma ya kopo

Ile "1000 mg" iliyoandikwa mbele ni uzito wa mafuta yote yaliyomo. Kinachofanya kazi ni EPA na DHA, aina mbili za mafuta ya omega-3, na hizo zimefichwa nyuma kwa maandishi madogo. Kidonge cha kawaida cha miligramu 1000 huwa na EPA 180 na DHA 120, jumla 300 tu. Ukiwa duka la dawa, Moshi au Arusha, jumlisha hizo mbili ndipo ulinganishe bei. Angalia pia kama hesabu ni ya kidonge kimoja au viwili. Hapo ndipo wengi wanapopigwa.

Mtu mzima mwenye afya anatosheka na miligramu 250 za EPA na DHA kwa siku. Kwa kiasi hicho, dagaa wa soko la Mbuyuni, Moshi, au Kilombero, Arusha, wanaoliwa mara kwa mara wanaweza kukuondolea gharama ya kopo. Wapike mchuzi, wakizamishwa kwenye mafuta ya alizeti wanakunywa mafuta ya aina nyingine kabisa.

Faida iliyo wazi zaidi ni kushusha trigliseridi (mafuta yaliyomo kwenye damu), ila dozi yake ni gramu 2 hadi 4 za EPA na DHA, yaani vidonge vya kawaida 7 hadi 13 kwa siku. Usijipangie mwenyewe. Pima damu kwanza, daktari aamue, kwani dozi kubwa huongeza uwezekano wa moyo kupiga bila mpangilio. Dozi ndogo nayo isitarajiwe makubwa: utafiti wa VITAL wa Marekani, wenye watu 25,871, nusu yao wakipewa gramu 1 ya mafuta ya samaki kwa siku, haukuonyesha kwamba jumla ya mishtuko ya moyo, viharusi na vifo vyake ilipungua kwa kiasi cha maana.

Meza katikati ya mlo wenye mafuta: mtori wa nyama, au ndizi na parachichi. Ukimeza na chai ya rangi tupu, kinachofyonzwa ni kidogo na utashinda unacheua samaki.

Joto, mwanga na hewa huchachisha mafuta haya. Februari ya Moshi, usiache kopo ndani ya gari. Likifunguliwa, kata kidonge kimoja unuse: kikinuka kama rangi ya kupaka ukuta, tupa lote.

Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aulize kliniki yake kabla ya kuanza. Mjamzito aepuke mafuta ya ini la samaki, maana yana vitamini A nyingi inayoweza kumdhuru mtoto tumboni.