Pima uwezo wako wa kufanya kazi kabla mwili haujagoma

Mtu mwenye msongo wa kazi mara nyingi huwa wa mwisho kujua kwamba uwezo wake umeshuka. Usingizi unakatika, presha inapanda, mgongo unakaza. Kazi ya saa moja inakula saa mbili, viporo vinarundikana, msongo unazidi. Ili kujua pa kuanzia, tumia kipimo kinachoitwa Kielezo cha Uwezo wa Kazi, kilichobuniwa na Taasisi ya Afya Kazini ya Ufini miaka ya 1980. Unahitaji karatasi, kalamu na robo saa ya utulivu. Alama ni kuanzia 7 hadi 49.

Kijaze siku ya kawaida, si jioni uliyogombana na bosi wala siku ya kwanza kutoka likizo.

1. Uwezo wako wa sasa, ukiulinganisha na kipindi ulichokuwa vizuri kuliko vyote maishani: 0 hadi 10. Jilinganishe na wewe mwenyewe, si na mwenzako wa meza ya pili.

2. Unavyomudu matakwa ya kazi. Jipe 1 hadi 5 kwa upande wa mwili, na 1 hadi 5 kwa upande wa akili. Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Kama kazi yako ni ya nguvu, kwa mfano ujenzi au kupakia mizigo, zidisha alama ya mwili kwa 1.5 na ya akili kwa 0.5, kisha jumlisha. Kama ni ya akili, kwa mfano uhasibu, geuza: akili kwa 1.5, mwili kwa 0.5. Kama inadai vyote, kama uuguzi, jumlisha zilivyo.

3. Magonjwa au majeraha uliyonayo, yaliyothibitishwa na daktari: hakuna, alama 7; moja, 5; mawili, 4; matatu, 3; manne, 2; matano au zaidi, 1. "Vidonda vya tumbo" ulivyoambiwa na muuza duka la dawa havihesabiwi, ila ni sababu tosha ya kwenda kupimwa.

4. Yanakuzuia kiasi gani? Hayanizuii au sina ugonjwa, 6. Nafanya kazi lakini napata maumivu au dalili, 5. Wakati mwingine napunguza kasi, 4. Mara nyingi napunguza, 3. Naweza nusu siku tu, 2. Siwezi kabisa, 1. Majibu mawili yakikufaa, chukua la chini.

5. Siku ulizokosa kazini kwa ugonjwa au matibabu katika miezi 12: hakuna hata moja, alama 5; siku 1 hadi 9, alama 4; siku 10 hadi 24, alama 3; siku 25 hadi 99, alama 2; siku 100 na zaidi, alama 1.

6. Kwa afya uliyonayo, utaimudu kazi hii miaka miwili ijayo? Sidhani, 1; sina hakika, 4; nina hakika, 7.

7. Siku hizi unafurahia shughuli zako za kila siku? Unajisikia mchangamfu? Una matumaini na siku zijazo? Kila swali lina 0 hadi 4. Jumla ya 0–3 inakupa alama 1. 4–6, alama 2. 7–9, alama 3. 10–12, alama 4.

Jumlisha zote. 7–27 ni uwezo duni, 28–36 wa wastani, 37–43 mzuri, 44–49 mzuri sana.

Tuseme muuguzi wa zamu za usiku amepata 6, 6, 4, 4, 3, 4 na 2. Jumla ni 29, uwezo wa wastani unaochungulia shimo. Lakini asiishie kwenye jumla, maana dawa imo kwenye mistari. Mstari wa 3 na wa 4 vikiwa chini, anza na mwili: presha ya 140/90 au zaidi inayojirudia siku tofauti inahitaji kliniki, si mapumziko peke yake. Mstari wa 2 na wa 7 vikiwa chini ilhali hakuna ugonjwa, kazi yenyewe ndiyo inayokula mtu, na vidonge havitaibadilisha. Andika kwa wiki mbili saa ya kuingia, saa ya kutoka na muda wa kula, kisha peleka karatasi hiyo kwa msimamizi. Malalamiko ya mdomo husahaulika upesi.

Kwa Tanzania Bara, pima maandishi yako na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, muda wa ziada usizidi saa 50 katika wiki nne, na kati ya zamu mbili kwa kawaida pawe na mapumziko ya saa 12. Ukiugua, una siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Peleka cheti cha daktari, kwani bila hicho mwajiri halazimiki kulipa. Wengi hupoteza haki hii kwa kujitibu kimyakimya nyumbani.

Ukiwa na alama 27 au chini, muone daktari kwanza, mazungumzo ya kazini yafuate. Maumivu ya kifua au mawazo ya kujidhuru hayangoji kipimo: nenda hospitali siku hiyohiyo.

Rudia baada ya miezi mitatu ukitazama zaidi mstari wa 1, 2 na 7, kwa sababu siku za kuugua zinahesabiwa kwa mwaka mzima na hazitashuka haraka. Mwajiri anayetaka kupima idara nzima asikusanye fomu zenye majina. Watu wakihofia ajira zao watajipa alama za juu. Na katika idara ya watu wanne, hata bila majina kila mtu atajulikana, kwa hiyo majibu ya idara ndogo yachanganywe kwanza na ya nyingine.