Kuusoma Mto Msimbazi Kutoka Pugu Hadi Baharini kwa Kamba, Mti na Machungwa

Mto Msimbazi wa Dar es Salaam una urefu wa kilomita 35 hivi. Unaanzia kwenye miinuko ya Pugu na Kisarawe, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, kisha unaingia Bahari ya Hindi kwenye Daraja la Selander. Watu wawili wanaweza kuuchora na kuupima wote kwa siku chache. Kazi ngumu iko kwenye sehemu ya mwisho tu, ambako bahari huupanda mto mara mbili kwa siku, na asiyeangalia hilo huandika vipimo vya bahari akidhani ni vya mto.

Vifaa

Ramani ya 1:50,000, penseli ya bluu na nyekundu, kamba ya mita 30 yenye fundo kila mita, mti ulionyooka wenye alama za sentimita (bomba la plastiki linafaa), simu ya kuhesabia sekunde, machungwa matatu, buti za mpira na glavu. Msimbazi hubeba maji taka, kwa hiyo mwenye kidonda abaki ukingoni kuandika. Msiingie maji yakivuka magoti. Wingu likiwa zito upande wa Pugu, tokeni mtoni hata kama mlipo kuna jua kali.

Kidakio kwanza, mezani

Kidakio ni eneo lote ambalo maji yake ya mvua hushukia mto huu. Fuata mto kwa penseli ya bluu kutoka baharini kwenda juu, pamoja na kila tawimto, ukiwemo Mto Ng'ombe unaotoka upande wa Sinza. Kisha tazama mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye kimo sawa. Ikikunjika kama V na ncha ikaelekea juu mlimani, hapo ni bonde. Ncha ikielekea chini, hapo ni mgongo. Unganisha migongo kwa penseli nyekundu mpaka urudi ulikoanzia. Mstari mwekundu ukikata wa bluu popote pasipo mlangoni, yaani mto unapoingia baharini, umekosea, futa.

Kwa mto wa mjini ramani pekee haitoshi. Mitaro ya barabara huchukua maji ya kidakio kimoja na kuyamwaga kingine. Siku ya mvua nenda ukaone mtaro unamwaga wapi, halafu sogeza mstari wako.

Kuhusu chanzo, weka alama mbili. Moja ni pale maji yanapoonekana wakati wa masika, nyingine ni pale yanapobaki mwisho wa kiangazi. Wanaobishana kuhusu chanzo halisi mara nyingi walikwenda miezi tofauti.

Kupima maji yanayopita

Chagua sehemu iliyonyooka ya mita 20, isiyo na kona wala takataka zilizoziba kalvati hapo chini, kwa sababu maji yaliyozuiwa hupanda na kupunguza mwendo. Tandaza kamba kutoka ukingo hadi ukingo na upime kina kwenye kila fundo. Tuseme upana ni mita 6 na kina ni 0.10, 0.25, 0.40, 0.35 na 0.15. Fundo ziko mita moja moja na ukingoni kina ni sifuri, kwa hiyo jumlisha tu: mita za mraba 1.25.

Sasa dondosha chungwa mita chache juu ya mstari wa kuanzia, lishike mwendo kabla hujaanza kuhesabu. Chungwa ni bora kuliko chupa tupu: sehemu kubwa huzama, upepo haulisukumi, na rangi yake inaonekana kwa mbali. Rudia mara tatu. Wastani ukiwa sekunde 40 kwa mita 20 hizo, mwendo wa juu ni mita 0.5 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.85, maana maji ya juu hukimbia kuliko ya chini yanayosuguana na mchanga. Hesabu inakuwa 1.25 × 0.5 × 0.85, yaani kama lita 530 kwa sekunde.

Usitumie vina vya mwezi uliopita. Kitanda cha mto huu ni mchanga, na gharika moja hukichimba hapa na kukijaza pale.

Bahari inaishia wapi?

Hapa ndipo pa kutumia muda. Chagua siku ya bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine, karibu na mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Dar es Salaam siku hizo maji hujaa yapata saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa yapata saa nne. Hakikisha kwenye jedwali la maji la bandari, kwa sababu kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi.

Kuanzia saa nane mchana, simika miti yenye alama ukingoni, kila mita 300 kutoka Selander kwenda bara, na usome kila robo saa mpaka saa kumi na moja. Mti wa mwisho unaoonyesha maji yakipanda bila mvua ndio mpaka wa bahari kwa siku hiyo. Mwendo wa mto pimeni juu ya mpaka huo. Mkipima chini yake na chungwa likageuka kurudi Kigogo, hamjarogwa, maji yanajaa.

Chumvi haifiki mbali kama msukumo wa maji. Maji ya bahari, yenye gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, ni mazito, hivyo hupenya chini ya maji ya mto yasiyo na chumvi. Ukichota juu tu utasema hakuna chumvi. Funga jiwe kwenye chupa, ziba kwa kizibo chenye uzi wake, izamishe hadi chini, ndipo uvute kizibo. Pima kwa kipima chumvi, sio kwa ulimi.

Mikoko nayo inasema. Mchu una mizizi iliyochomoza topeni kama penseli, na majani yake hutoa chumvi: siku kavu utaiona iking'aa kama unga. Mkoko wenyewe husimama kwa mizizi iliyopinda kama miguu. Weka kwenye ramani mchu wa mwisho kuelekea bara, kisha ulinganishe na mpaka wa chumvi ulioupata.

Mlangoni

Chora mafungu ya mchanga maji yakiwa yamepwa kabisa, na uandike tarehe pamoja na kama ni kusi au kaskazi, kwa kuwa mawimbi ya misimu hiyo huusukuma mchanga pande tofauti. Onyesha pia upana wa njia ya maji chini ya daraja: mvua kubwa ikishuka wakati wa bamvua, maji hukuta mlango umejaa na hurudi kutanda bondeni.

Mwisho, chora mstari wa mita 60 kila upande wa mto, umbali unaolindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Anza kupima ukingoni, sio katikati ya maji.