Ndoo kwanza, pampu baadae: jinsi ya kugawana maji ya kisima kiangazi

Mwaka juzi mwezi wa nane, huku kwetu Kishiri, Mwanza, mama mmoja alishusha ndoo kisimani saa kumi na moja alfajiri, ikagonga chini. Alipoivuta ikaja na robo ya tope, rangi ya chai ya maziwa, akaiweka pembeni itulie huku watoto wamesimama na sare wanasubiri kunawa. Usiku kucha pampu ya petroli ilikuwa inavuta kwenye kisima cha jirani, kama hatua 40 tu kutoka hapo, inamwagilia nyanya. Na mwenye nyanya si mtu mbaya jamani, alikuwa na mkopo wa mbegu na mbolea, kisima kachimba kwa hela yake kwenye kiwanja chake. Tuligombana wiki tatu mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa, mara mchawi mara mchoyo, na kumbe hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anajua kisima kinatoa maji kiasi gani. Naandika tulivyofanya baada ya hapo maana naona ugomvi huu huu Buhongwa, Kisesa, mpaka huko Magu.

Kwanza mjue maji yenyewe yamekaa wapi. Sisi Mwanza tumekalia mawe, ziwa tunaliona kwa macho ila mlimani chini hamna ziwa lingine. Maji yanakaa kwenye udongo na mawe yaliyooza juu ya mwamba, na kwenye nyufa za mwamba wenyewe, ndo maana wewe unachimba unapata na mwenzio hapo jirani anakutana na jiwe kavu. Visima viwili vikishika ufa mmoja hiyo ni sufuria moja, tofauti ni vijiko. Pampu ikivuta maji yanashuka kuizunguka kama faneli, na kisima cha jirani kikiwa ndani ya hiyo faneli kinashuka pia hata kama kuna ukuta na geti katikati. Sheria nayo ipo hivyo hivyo, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inasema maji yote ni ya umma, Rais kayashika kwa niaba ya wananchi. Kiwanja ni chako, maji ya chini si yako peke yako.

Sasa kupima. Hapa msiharakishe, hapa ndo penyewe. Tafuta kamba isiyovutika, funga kizito mwishoni, piga fundo kila nusu mita. Chagua alama moja kwenye mdomo wa kisima, pimeni kutoka hapo hapo siku zote, Jumamosi alfajiri kabla mtu hajachota, muandike kwenye daftari. Visima vyote vya jirani vipimwe siku hiyo hiyo. Kujua kama vimeungana, washeni pampu ya kimoja kwa masaa mawili huku mtu anashusha kamba kwenye kingine kila robo saa. Cha kwetu kilishuka mbele ya macho ya mwenye nyanya mwenyewe, kamba kaishika yeye, na kuanzia siku ile hakubisha tena.

Halafu mjue kisima kinajaa kwa kasi gani. Vuteni mpaka maji yashuke zaidi ya mita moja, simamisheni kila mtu, pimeni yamepanda kiasi gani ndani ya saa. Kisima cha kalavati (zile pete za zege) chenye upana wa mita 1, kila sentimita 10 ni kama lita 78, karibu ndoo nne. Chetu kiangazi kilipanda sentimita 20 kwa saa, yaani lita 157, kwa siku nzima kama 3,700 na kitu, na hiyo ni hesabu ya juu maana maji yakikaribia kujaa kasi inapungua. Pampu nayo mnaipima kwa ndoo na saa ya simu: ndoo ya lita 20 ilijaa kwa sekunde 25, ni lita 48 kwa dakika. Maana yake maji ambayo kisima kinayakusanya saa nzima, pampu inayamaliza kwa dakika tatu na kidogo. Tulikaa kimya pale kisimani.

Watu sasa. Sera ya Maji ya 2002 ilitaka mtu wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku, na ilisema matumizi ya nyumbani ndo yanatangulia, ya pili mazingira, mengine yanafuata. Kaya 30 zenye watu watano watano ni lita 3,750. Yani kiangazi kisima chote ni cha ndoo na bado hakitoshi vizuri, pampu haina chake. Masika kikipanda mara mbili ya hapo, kuna kama 3,700 nyingine na hiyo ndo ya bustani, ya ng'ombe, ya fundi tofali. Kwa hiyo usimwambie mkulima "acha kilimo", mwambie panda mapema, nyanya zako ziive kabla ya mwezi wa saba.

Wasukuma tunalijua hili jambo toka zamani, ni ngitili. Majani yanafungiwa masika, ng'ombe hawaingii, yanafunguliwa kiangazi kila mtu akiwa anayahitaji. Sisi tulifunga kitambaa chekundu kwenye fundo la kamba: maji yakishuka hadi pale pampu zote zinazima, zinabaki ndoo. Yakishuka mita nyingine moja, kila kaya ndoo sita kwa siku, mwenye mgonjwa au mzazi mchanga anaongezewa bila kuulizwa sana. Wa maguta (baiskeli za mizigo za matairi matatu) wanaouza maji wanachota mwisho, baada ya saa nne asubuhi.

Anayeshika daftari asiwe mwenye pampu, na kamba ishushwe hadharani. Kwetu wanashika akina mama wawili kwa zamu. Faini iwe ndogo na ya kweli, sisi ni elfu tano, inanunua kamba na kusafisha kisima. Mtu akirudia kosa mara ya tatu ndo anapelekwa ofisi ya mtaa. Na anayetaka kuchimba kisima kirefu au kuvuta kwa biashara aende ofisi ya Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, ipo hapa hapa Mwanza, achukue kibali, na nyie majirani muende na daftari lenu maana wenzetu wa ofisini wanasikiliza namba kuliko kelele. Vyoo na kuosha magari vikae mbali, mita 30 au zaidi, na kwenye nyufa za mawe ongezeni.

Kosa letu la mwaka wa kwanza lilikuwa vuli. Mvua ya kwanza ya mwezi wa kumi ilinyesha, watu wakashangilia, pampu zikawashwa siku hiyo hiyo, na wiki iliyofuata ndoo zikagonga chini tena kwa sababu maji ya mvua yanachukua muda kushuka mpaka kule. Siku hizi kitambaa kikifunikwa tunasubiri Jumamosi mbili mfululizo kifunikwe, ndo pampu zinarudi, tunaanza na nusu saa kwa kila mmoja.