Kabla hujampandisha mama basi la Desemba

Kila Desemba tunakwenda Moshi kula sikukuu, na kila mwaka namsikia mtu akisema chakula tutakijua hukohuko njiani. Hukijui. Kutoka stendi ya Mbezi, Dar, mpaka Moshi ni zaidi ya kilomita 500. Basi husimama kwa chakula mara moja tu, Korogwe au Mombo, dakika 20 za kugombania foleni, na kilicho tayari muda wote ni chipsi. Kama mna mtu wa sukari au presha, au wewe mwenyewe unalipenda tumbo lako, haya yafanye kabla hujafunga begi.

Pika usiku, funga alfajiri. Mayai ya kuchemsha yabaki na maganda yake. Beba viazi vitamu, chapati zisizochuruzika mafuta, karanga zisizo na chumvi, ndizi mbivu. Kuku ukimbeba, mleni mapema. Zikipita saa mbili ndani ya joto lile, mtupe, usiionee huruma pesa uliyomnunulia.

Maji kunywa. Nawajua akina mama wanaotoka Dar mpaka Same midomo imewakauka kwa kuogopa kuchimba dawa. Mwambie konda mapema, atasimamisha, na wenzako nusu ya basi watashuka nyuma yako wakishukuru.

Matunda ya dirishani nunua, machungwa ya Muheza na matunda yanayoshuka Mombo kutoka Lushoto, ila mazima. Yaliyokatwa na kufungwa kwenye mfuko waachie wenyewe, hujui kile kisu kimesuuzwa wapi.

Dawa zikae begi la mkononi, siyo kwenye buti. Insulini inaharibika kwa joto, na inaharibika pia ikiganda, kwa hiyo usiilaze juu ya barafu. Ifunge kwenye kitambaa kibichi, iweke mahali pasipopigwa jua.

Sasa saa za kula. Hapa nisikilize vizuri.

Mama yangu ana sukari, anameza vidonge. Safari moja nilijiapiza kwamba mwaka huo hagusi chipsi wala soda, kwa sababu mwaka uliotangulia alifika nyumbani sukari iko juu mno na sikukuu nzima akailalia. Nikamfungia matango na karoti kwenye kontena, nikajiona nimemaliza kazi. Saa 11 alfajiri alimeza vidonge vyake na chai ya rangi isiyo na sukari, akasema atakula mbele ya safari. Nikamwambia sawa mama, Korogwe tutatafuta ndizi nyama.

Korogwe hatukufika kwa wakati. Kabla ya Segera lori lilikuwa limelala katikati ya barabara, magari yamejipanga huku na huku, tukakaa pale zaidi ya saa mbili. Mama alikula vipande viwili vya tango. Baadaye akaegemea dirisha, nikajua amepitiwa na usingizi. Nilipomgusa mkono, ulikuwa umelowa. Khanga ya kifuani ilikuwa imeloa jasho kama ameitoa kwenye beseni, na vidole vinatetemeka. Akafungua macho, akaniita kwa jina la dada yake ambaye tulishamzika.

Mzee mmoja wa kiti cha ng'ambo akaniuliza, "Mwanangu, mama ana sukari huyu?" Nikamwambia ndiyo. "Basi mpe soda."

Nikamjibu, "Mzee wangu, soda hatakiwi."

"Sukari imemshuka. Mpe soda sasa hivi!"

Konda akaleta moja kutoka kwa vijana waliokuwa wakiuza kandokando ya magari. Mama alikuwa bado anaweza kumeza, akanywa nusu chupa taratibu, mimi nimeshika chupa, yeye amenishika kifundo cha mkono. Ilipita kama robo saa, akaniuliza kwa jina langu tumefika wapi. Mzee hakuniacha hapo: alitoa viazi vyake mwenyewe, akasimamia mpaka mama akavila.

Mimi niliyekuwa nalinda sukari ya mama ndiye niliyemlaza na njaa juu ya dawa. Kwa hiyo nenda kliniki wiki moja kabla, uliza dawa ipi inashusha sukari mtu asipokula. Metfomini peke yake kwa kawaida haimwangushi mtu hivyo. Za kuogopa ni za aina ya glibenklamidi, na insulini. Muulize daktari dozi ya siku ya safari iweje, usijipangie. Akishameza, ale mlo wa kueleweka wenye wanga, hata kama ni saa 11 na hana hamu. Pochi yake iwe na glukosi au sukari vijiko vitatu vya chai kwenye karatasi. Jasho la ghafla, kutetemeka, kuropoka: mpe kitu kitamu papo hapo, subiri dakika 15, rudia kama bado, kisha chakula. Hata akizinduka, endelea kumwangalia, maana vidonge vile vinaweza kuishusha tena saa kadhaa baadaye. Akiwa amezimia usimtie kitu mdomoni. Hapo ni hospitali ya karibu, basi liwasubiri lisiwasubiri.

Mkishafika kuna mtihani wa kupita nyumba kwa nyumba, kila nyumba sahani na soda, na kukataa ni dharau. Mpigie shangazi simu mapema, umweleze hali ya mama. Atamwekea mtori, ule mchemsho wa ndizi na nyama, na mboga bila kununa. Mkifika kwa jirani, aonje, sahani amalizie mtoto. Nyama ya ndafu, yule mbuzi wa kuchoma mzima, vipande viwili vinatosha, mafuta ayaache. Mbege, pombe ya ndizi, kwa mtu wa sukari hapana, hata kikombe cha heshima.

Na siku ya kurudi ndiyo watu wanajisahau. Mmechoka, mmebeba mkungu mzima wa ndizi na uko kwenye buti, halafu mkononi hamna hata ndizi moja mbivu. Chomoa nne, weka kwenye begi la mama kabla konda hajafunga buti.