SOMO: Kutengeneza modeli ya kutabiri mechi kwa Excel, hatua kwa hatua (na kwanini mie mkeka wa kubeti nimeuacha)

Assalaam alaykum wadau. Nimeombwa sana hili somo tangu siku ile tulobishana pale barazani Jaws Corner, mechi ya Arsenal, nikasema sare ina asilimia 25 watu wakanicheka, "asilimia umezitoa wapi wewe, mganga?" Sasa leo naweka hapa zinakotoka. Kaeni na kahawa yenu, ni refu kidogo.

Kwanza tuelewane. Modeli haikwambii nani atashinda. Inakwambia mechi hii ingechezwa mara 100 mwenyeji angeshinda ngapi, sare ngapi, mgeni ngapi. Ukitaka mtu wa kukwambia "leo anashinda fulani" nenda barazani, wapo wengi na hawakosi hata siku moja, wakikosa refa ndo mwenye makosa.

HATUA YA 1: Data
Ingia football-data.co.uk, bure, kuna mafaili ya CSV ya ligi nyingi za Ulaya, ya Uingereza yanaanzia msimu wa 1993/94. Unafungua na Excel ya kawaida. Utakuta safu nyingi usiogope, unazohitaji ni HomeTeam, AwayTeam, FTHG (goli za mwenyeji), FTAG (goli za mgeni) na tarehe. Zile za odi (malipo ya kampuni za kubeti kwa kila tokeo) ziache palepale tutazihitaji mwishoni. Msimu mmoja wa Premier League ni mechi 380, chukua mitatu au minne.

Tahadhari moja hapa, mie ilinipita. Msimu wa 2020/21 mechi karibu zote uwanjani hakukuwa na watu sababu ya korona, na msimu ule wageni walishinda mechi 153 wenyeji 144. Yaani faida ya nyumbani ilipotea kabisa. Ukiutia msimu huo kwenye mahesabu yako bila kujua, modeli itadhani kucheza nyumbani si kitu.

HATUA YA 2: Nguvu za timu
Hapa ndo kiini. Tafuta wastani wa goli za wenyeji kwa ligi nzima, tuseme 1.5, na wa wageni tuseme 1.2. Afu timu yako ya nyumbani, tuseme inafunga goli 2 kwa mechi ikiwa kwao. Gawa 2 kwa 1.5 unapata 1.33, hiyo ndo nguvu yake ya kushambulia, maana yake inafunga thuluthi moja zaidi ya timu ya kawaida. Mgeni wake akiwa ugenini anafungwa 1.2, gawa kwa 1.5 unapata 0.8, yaani ukuta wake mzuri. Zidisha zote: 1.5 × 1.33 × 0.8 = 1.6. Hizo ndo goli unazozitarajia kwa mwenyeji.

Upande wa pili vilevile. Mgeni anafunga 1.32 ugenini, gawa kwa 1.2 ni 1.1. Mwenyeji kwake anafungwa 1, gawa kwa 1.2 ni 0.83. Zidisha 1.2 × 1.1 × 0.83 inakuja 1.1.

Mwanzo wa msimu hesabu hii inadanganya vibaya. Timu imecheza nyumbani mara 3 imefunga 10, wastani 3.33, utadhani Brazil ya 1970. Dawa yake ndogo tu, jifanye timu hiyo ilishacheza mechi 6 za kawaida kabla, ongeza goli 9 (6 × 1.5) juu na mechi 6 chini: 19 kwa 9 = 2.11. Hiyo inaingia akilini. Timu zilizopanda daraja nazo wape hivohivo mpaka wajulikane.

HATUA YA 3: Poisson
Jina la mtu hilo, Mfaransa, Siméon Denis Poisson, kanuni yake aliitoa 1837. Ni ya mambo yanayotokea kwa nadra na bila ratiba. Mwaka 1898 bwana mmoja Bortkiewicz aliijaribu kwa askari wa jeshi la Prussia waliokufa kwa kupigwa teke na farasi, miaka 20 ya rekodi, ikakubali mpaka watu wakashangaa. Goli nalo ni kama teke la punda yakhe, unajua litakuja lakini hujui dakika ipi, muulize yeyote aliyeswaga gari la mchanga.

Kwenye Excel: andika 0 mpaka 6 kushuka chini, hizo goli za mwenyeji, pembeni yake andika =POISSON.DIST(A2,1.6,FALSE) na uivute mpaka chini. Kompyuta nyengine zinataka nukta mkato badala ya koma. FALSE usiibadilishe, ukiweka TRUE inajumlisha na zote za nyuma na jedwali lote linaharibika. Fanya hivyo kwa mgeni na 1.1. Sasa chora jedwali la 7 kwa 7, goli za mwenyeji kushuka chini na za mgeni kwenda pembeni, kila chumba ni uwezekano wa mwenyeji mara uwezekano wa mgeni. Chumba cha 1-1 kwa mfano ni 0.323 × 0.366, inakuja asilimia 11.8.

Ukishamaliza, vyumba vya mshazari (0-0, 1-1, 2-2 mpaka mwisho) vijumlishe, hiyo sare. Vya chini yake mwenyeji, vya juu mgeni. Kwa mfano wetu: mwenyeji 49, sare 25, mgeni 26. Na tazama kitu kimoja, hiyo 1-1 ndo matokeo yenye uwezekano mkubwa kuliko yote kwenye jedwali na bado mara 88 katika 100 haitokei. Kwahiyo yule anaekuuzia "correct score ya uhakika" (matokeo kamili ya goli) kwenye magrupu, salamu zake.

HATUA YA 4: Kuipima, na hapa nina kisa
Modeli haipimwi kwa mechi ulizoijengea. Hili ndo kosa lililonitia hasara, nalisimulia lote maana naona vijana wengi wanalirejea.

Miaka kadhaa nyuma nilijenga modeli yangu ya kwanza, kwenye laptop iliyokuwa haina betri, umeme ukikatika kazi yote chini. Nikachukua msimu mzima, nikapiga wastani wa kila timu, nikarudi mechi ya kwanza ya Agosti nikaijaribu mpaka ya Mei. Ikawa inapatia ajabu! Nikijumlisha faida kwenye karatasi naona naelekea kununua kiwanja Fumba. Nilikuwa na laki na themanini ya tairi na injini ya Vespa, nikaitia yote kwenye kubeti kidogo kidogo, wiki sita ikaisha. Vespa ikalala nje, nikawa naenda kazini kwa daladala, mke wangu ananitazama tu hasemi kitu, na hiyo ndo mbaya zaidi.

Nilichokosea nimekuja kukigundua baadae. Nilipotabiri mechi ya Agosti nilikuwa natumia wastani uliokuwa na goli za Mei ndani yake, mpaka za mechi yenyewe ninayoitabiri! Ni sawa na mtoto wa skuli anaefanya mtihani na majibu yapo chini ya dawati, halafu unajisifu una mtoto hodari. Kila mechi lazima ihesabiwe kwa zile zilizochezwa KABLA ya tarehe yake tu. Nilipoirekebisha faida yote ya kwenye karatasi ikayeyuka kama aiskrimu ya Forodhani saa tisa mchana.

Sasa kipimo chenyewe. Cha kwanza, kusanya mechi zote ulizosema mwenyeji ana asilimia 60 hivi. Kama zipo 100 na ameshinda kwenye 60 kasoro au na ushei, modeli ina adabu. Ikiwa ameshinda 45, inajisifu. Cha pili ni alama ya Brier, ya mtu wa hali ya hewa, 1950. Aliyeshinda mpe 1 wengine 0, toa uwezekano wako, piga kipeo cha pili, jumlisha. Mfano wetu mwenyeji akishinda: 0.51 kipeo cha pili, 0.25 kipeo cha pili, 0.26 kipeo cha pili, jumla 0.39. Ndogo ndo nzuri. Mtu anaesema theluthi theluthi kila mechi anapata 0.667 siku zote, ukishindwa na huyo funga laptop ukale urojo.

HATUA YA 5: Kuilinganisha na odi
Odi ni uwezekano uliovaa nguo. Gawa 1 kwa odi. Tuseme mechi yetu kampuni ya kubeti imeweka mwenyeji 1.95, sare 3.40, mgeni 3.60. Inatoka 51.3, 29.4, 27.8. Jumlisha: 108.5. Mechi gani duniani ina asilimia 108? Hiyo 8.5 ya juu ndo chakula chao. Ukiitoa kwa uwiano, wao wanaamini mwenyeji ana 47.3.

Modeli yako inasema 49. Kijana anaruka, "nimewashinda!" Tulia. 0.49 mara 1.95 ni 0.9555. Kila elfu unayoweka inarudi kama 955 kwa wastani. Hata ukiwa sahihi kuliko wao bado unaliwa. Hapo ndo mie niliposimama, na mahesabu yalinisimamisha kabla ya mawaidha.

Na wao wana modeli pia, na wana habari za majeruhi dakika ile ile, wewe una Excel na bando la siku.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Chake: Kaka mie sina kompyuta, simu tu, n'taweza?
Jibu: Utaweza, Google Sheets ipo kwenye simu na fomula ile ile inakubali. Ila jedwali la 7 kwa 7 kwenye kioo kidogo utapata taabu, lala ubavu simu uigeuze.

Dada mmoja wa chuo: Nimesoma takwimu. Poisson inadhani goli za timu mbili hazihusiani, lakini timu ikifungwa si inafunguka? Na jumla yangu haifiki 100.
Jibu: Dada umenishika pazuri. Jumla haifiki sababu tumeishia goli 6, kilichobaki kidogo sana, gawa kila namba kwa jumla yako basi. Hilo la kwanza ndo lenye uzito. Dixon na Coles, wataalamu wa takwimu, mwaka 1997 waliliona kwa data ya Uingereza, 0-0 na 1-1 zinatokea zaidi kuliko Poisson inavyosema na 1-0 na 0-1 chini yake. Wakatia kirekebisho kwenye vyumba hivyo vinne tu, pia wakaipunguzia uzito mechi kadri inavyozeeka. Kwa Excel kirekebisho kinawezekana ukiwa na Solver (kifaa cha Excel cha kutafuta namba inayofaa zaidi), lakini kwa ulichosoma hamia Python tu, ile lugha ya programu. Kadi nyekundu modeli hii haizijui kabisa.

Kijana wa Mwanakwerekwe: Bro maneno mengi, tupe mkeka wa jumamosi mechi 10 za uhakika
Jibu: Mwanangu, chukua mechi 10 kila moja ina asilimia 60, nzuri eti? Zidisha 0.6 mara kumi: 0.006. Mikeka 6 katika 1000 ndo inapita, 994 inachanika. Na kampuni ikikata 5 kwenye kila 100 kwa mechi moja, kwenye mechi 10 makato yanazidishana, unabaki na kama 60. Ndo maana mkeka mrefu wanaupa bonasi.

Mzee mmoja: Kijana, umeeleza vizuri lakini si kamari hiyo? Unawafunza watoto wa watu haramu.
Jibu: Shikamoo mzee wangu. Kubeti ni maysir, aya ipo Suratul Maida ya 90, silibishi na sitolibisha. Kuhesabu goli si kubeti lakini, hesabu hii hii ndo inayotumika hospitali kupanga wagonjwa wangapi watakuja usiku. Mie naitumia barazani, anaekosa ananunua kashata. (Najua utasema na hiyo pia, basi nishaacha, sasa kila mtu anajinunulia.)

Mdau wa Wete: Na ligi yetu ya Zanzibar? Na Mapinduzi Cup?
Jibu: Mapinduzi Cup ngumu, mechi chache na timu za bara nyengine zinaleta kikosi cha pili. Fainali ya 2024 Mlandege waliwafunga Simba 1-0, sijui Excel gani ingekubali kabla. Ligi yetu ndo ninayoitamani wallahi, lakini haina faili mtu akalishusha, na Unguja timu nyingi zinachangia viwanja, sasa "nyumbani" ni kwa nani? Faida ya nyumbani kwetu nadhani ipo kwenye bahari, timu ya Pemba ikivuka kuja Unguja au ya Unguja ikija Gombani. Nadhani tu, sina namba. Wewe upo huko, anza daftari: tarehe, uwanja, timu, goli, na uandike wageni walivuka siku ile ile au walilala. Ukifika mechi 60 nitafute.