Namna ya kumskiza Utada Hikaru bila kupotea: anza na First Love, ruka mpaka Hatsukoi, alafu rudi katikati

Wadau, kila nikimtaja Utada Hikaru, yule mwimbaji wa Kijapani, kuna mtu ananiuliza aanzie wapi, maana ukifungua apu ya muziki unakuta albamu, singo na rimiksi zimejazana, majina mengine ya Kijapani mengine ya Kiingereza, mtu anabonyeza wa kwanza kwenye orodha anaskiza dakika moja anatoka. Usifanye hivo. Mi nina miaka na hizi kazi, nimezizungusha kwa mpangilio wa kila aina, na njia ninayompa kila mtu ni moja tu. Chukua albamu mbili, First Love ya 1999 na Hatsukoi ya 2018, anza na hizo. Hatsukoi kwa Kijapani ndo hilohilo, penzi la kwanza. Yani huyu mtu kaipa albamu jina lilelile mara mbili, ya kwanza akiwa na miaka 16, ya pili akiwa na 35, na kati ya hizo mbili ndo kuna safari yote unayotakiwa kuifuata.

Kwanza tumalize suala la jina maana hapo wengi wanakwama. Utada ni jina la ukoo na Hikaru ndo jina lake, Wajapani wanatanguliza ukoo, kwaiyo kwenye apu nyingine utamkuta Hikaru Utada na nyingine Utada Hikaru, ni mtu yuleyule. Kwa maandishi yao ni 宇多田ヒカル, likopi hilo ulihifadhi kwenye simu, litakusaidia sana ukianza kutafuta CD kwenye maduka ya kule. Alafu kuna kazi za Kiingereza alizotoa kwa jina la Utada peke yake, Exodus ya 2004 na This Is the One ya 2009, usipotafuta kwa jina hilo unaweza kukaa hata mwaka hujui zipo. Na kabla ya yote hayo, 1998, kuna albamu inaitwa Precious kwa jina la Cubic U, nayo ni ya Kiingereza. Kazaliwa New York 1983, baba yake prodyuza na mama yake ni Fuji Keiko, mwimbaji mkubwa wa enka, ule muziki wa Kijapani wa majonzi wenye sauti ya kutetema. Huyo mama mshike kichwani, tutarudi kwake.

Haya, skiza First Love. Ilitoka tarehe 10 Machi 1999 na mpaka leo ndo albamu iliyouza kuliko zote Japani, zaidi ya CD milioni 7 ndani ya nchi ile peke yake. Lakini usiiskize kwa sababu ya namba. Iskize kwa sababu ya Automatic, ule wimbo wa singo ya kwanza ya Desemba 1998, mtoto wa miaka 15 kauandika mwenyewe na anaimba R&B kwa Kijapani kana kwamba lugha ile ilizaliwa na biti ile. Zingatia anavyokata maneno, anaikata silabi katikati ya neno ili ikae kwenye ngoma, pumzi anavuta pale ambapo mtu mwingine asingevuta. Hata kama hujui neno moja la Kijapani hilo utalisikia tu. Alafu nenda kwenye wimbo wenyewe wa First Love. Unaanza na busu la mwisho lenye ladha ya tumbaku, chungu na ya huzuni, yani penzi la kwanza ndo linaisha, tunalikuta mlangoni linatoka.

Ukimaliza usiguse kitu kingine, ruka miaka 19, weka wimbo wa Hatsukoi. Humo anaimba kifua kinachodunda mpaka kinapiga kelele, miguu inayogoma kutembea, chozi linaloteremka shavuni, na hivo vitu ndo vinamwambia kuwa hili ni penzi la kwanza. Umeona? Mtoto wa miaka 16 aliimba mwisho wa penzi, mtu mzima wa miaka 35 ndo anaimba mwanzo wake. Siku nilipoziweka hizi mbili zikafuatana nilikaa kimya muda mrefu, nikairudia tena kuanzia ya kwanza, na toka siku hiyo sijawahi kumwambia mtu aanzie kwingine.

Sasa jaza katikati, hapa nenda kwa mwaka usirukeruke: Distance ya 2001, Deep River ya 2002, Ultra Blue ya 2006, Heart Station ya 2008, Fantôme ya 2016. Albamu tano tu, albamu moja kwa wiki inatosha kabisa. Distance kwa mfano iliingia sokoni tarehe 28 Machi 2001, siku ileile ambayo Hamasaki Ayumi, mwimbaji mwingine mkubwa wa kule, alitoa mkusanyiko wake, taifa zima likagawanyika, na Distance ikauza zaidi ya milioni 3 wiki ya kwanza. Ukipata nafasi angalia tarehe za albamu hizo tano, utakuta ni Jumatano tupu. Japani ndo siku ya kutoa CD, maduka yanapanga Jumanne jioni na mashabiki wenye haraka wanabeba hiyohiyo Jumanne.

Kuna jambo ambalo striming inalificha nalo ni singo. Kule singo ilikuwa CD kamili unayoilipia, ina wimbo, mara nyingi na rimiksi, na karaoke yake, na kwa Utada mara nyingi singo ndo inabeba habari ambayo albamu haina. Mfano mzuri kuliko yote ni huu: ndani ya Distance kuna wimbo unaitwa Distance, umechangamka, wa kuendeshea gari. Juni 2001 mtu akaingia shule ya msingi Osaka akaua watoto, na mmoja wa wale watoto alikuwa anampenda sana Utada. Utada akauchukua wimbo uleule, akatoa ngoma, akaweka piano na nyuzi, akautoa Julai kama singo inaitwa Final Distance kwa kumkumbuka yule mtoto, na baadae ukaingia kwenye Deep River. Maneno karibu ni yaleyale. Ziskize zote mbili zikifuatana, tena kwa hedifoni, na uanze na ile ya zamani, ukianza na ya pili hutaweza kuiskia ile ya kwanza ikiwa na furaha tena.

Wale mliomjulia kwenye gemu la Kingdom Hearts, wimbo wenu Simple and Clean ni ndugu wa Hikari, singo ya Machi 2002, biti moja ila maneno ya Kiingereza sio tafsiri, ni wimbo mwingine kabisa unaosema mambo mengine. Simple and Clean ulikuwa upande wa pili wa singo ya Colors ya 2003. Na walioingia kwa mlango wa filamu za katuni za Evangelion, fuateni hivi: Beautiful World ya 2007, Sakura Nagashi ya 2012, One Last Kiss ya 2021.

Baada ya Heart Station kuna ukimya. 2010 alisema anapumzika, anataka kuishi kama binadamu wa kawaida, akatoa mkusanyiko wa pili wa singo Novemba, akapiga shoo mbili Yokohama Desemba akaondoka. Agosti 2013 mama yake akafariki. Kwaiyo ukifika Fantôme tafadhali usiiweke wakati unapika au upo kwenye daladala, tenga saa moja kaa nayo. Hanataba wo Kimi ni, maana yake shada la maua kwa ajili yako, ulikuwa wimbo wa tamthilia ya asubuhi ya NHK, televisheni ya umma ya Japani, mamilioni ya watu waliuskia wakinywa chai, na ni wimbo wa mtoto kwa mama aliyekufa. Sauti imebadilika, imeteremka chini, kuna mtetemo fulani, na mi hapo namsikia Fuji Keiko. Kama hujawahi kumskiza yule mama, tafuta wimbo wake mmoja kabla ya Fantôme, dakika tatu tu, utanishukuru. Humohumo kuna kolabo na mwimbaji Shiina Ringo, wote wawili walianza 1998 kwenye lebo moja, Toshiba-EMI.

Ukishamaliza hapo rudia Hatsukoi, safari hii nzima sio wimbo mmoja, ndo uingie Bad Mode ya 2022, aliyoitoa siku yake ya kuzaliwa, 19 Januari, imechanganya Kijapani na Kiingereza na wimbo wa mwisho kabla ya zile za nyongeza unakaribia dakika 12. Kwangu hiyo ndo albamu bora ya maisha yake na nipo tayari kubishana mpaka usiku. Zile za Kiingereza za jina la Utada ziache mwisho, Exodus ina nyimbo tatu zenye mkono wa Timbaland, prodyuza wa Marekani, na ina vituko vizuri, ila ukiianza mapema itakuchanganya.

Kwa wanaotaka CD yenyewe mkononi, skizeni vizuri maana hela inapotea hapa. Mi ya kwanza niliikuta kwenye dashibodi ya gari ya mjomba iliyoshushwa bandarini Dar kutoka Japani, CD ilisahaulika na mwenye gari wa zamani, na pembeni yake kulikuwa na singo kadogo ka sentimita 8 kwenye kava jembamba refu la karatasi. Wajapani kava hilo wanaliita tanzaku. Nikakaingiza kwenye redio ya gari. Kakazama, hakakutoka, fundi akafungua redio nzima na kakatoka kamekwaruzika mstari mzima. Kwaiyo singo za zamani za sentimita 8, Automatic ikiwemo maana ilitoka kwa saizi zote mbili, usiziingize kamwe kwenye mashine ya kumeza, iwe ya gari au laptop. Tafuta deki yenye sahani inayotoka nje, angalia katikati ya sahani kuna kiduara kidogo kimezama, hapo ndo inakaa.

Ukinunua kutoka kule, First Love usiilipie bei kubwa hata siku moja. Muuzaji akikwambia ni adimu mkatae, CD zilizouzwa mamilioni zimejaa kwenye maduka ya mitumba kama Book Off na zinauzwa bei ya chini kabisa. Unachotakiwa kuangalia ni obi, ule ukanda wa karatasi unaozunguka kava upande wa kushoto wenye jina, bei na namba. Ukiwepo, ujue aliyekuwa nayo aliitunza. Namba nayo ina maana, CD za enzi za Toshiba-EMI zinaanza na TOCT, za kuanzia 2017 alipohamia Epic, upande wa Sony, zinaanza na ESCL. Ukiona 見本盤 kwenye diski ujue ni sampo ya redio na maduka, haikuwa ya kuuzwa, na ukiona 初回限定 ni toleo la mwanzo lenye nyongeza, ndo hapo bei inapanda kwa haki. Wauzaji wengi wa kule hawatumi nje, kwaiyo unapitia kampuni za kununua kwa niaba yako kama Buyee au ZenMarket, agiza kadhaa kwa pamoja maana usafirishaji wa CD moja unazidi bei ya CD yenyewe, na weka hela ya ushuru pembeni kabla mzigo haujafika posta.

Kitu kimoja watu wanajuta nacho. CD ya muziki haina mipaka, inapiga popote. Ila za video dunia imegawanywa kwa kanda, diski ya kanda moja haipigi kwenye deki ya kanda nyingine: DVD za Japani ni kanda ya 2 wakati huku kwetu ni kanda ya 5, na Blu-ray zao ni A sisi ni B. Kwaiyo lile toleo la gharama la Bad Mode lenye CD, DVD na Blu-ray, usilinunue kwa ajili ya video kama deki yako haijafunguliwa kanda zote, utabaki unaangalia boksi.

Na Science Fiction ya Aprili 2024, mkusanyiko wa nyimbo 26, wengi wanataka kuanzia hapo kwa sababu zote kubwa zipo. Iweke ya mwisho kabisa. Humo karekodi upya nyimbo tatu, Addicted to You, Traveling na Hikari, sauti ya mtu wa miaka 40 na ushee juu ya nyimbo alizoandika akiwa kijana, na ukiwa umetembea naye albamu kwa albamu, ile Traveling ukiiweka baada ya ile ya 2001 utaskia jinsi ambavyo hana haraka tena.