Injini ya modeli ya ndege isikae kama toi

Wadau, ile injini inayokuja kwenye boksi la modeli ya P-47 (ndege ya kivita ya Marekani ya Vita Kuu ya Pili) ya skeli 1/32, yaani ndogo mara 32 kuliko ya ukweli, ukiibandika hivyohivyo inakaa kama toi, shida kubwa waya za plagi hazipo. Injini ya ukweli ya ndege hiyo, R-2800, ina silinda 18, safu mbili za tisatisa, kila silinda plagi mbili, kwahiyo waya 36, jipange.

Anza na rangi: silinda silva iliyofifia, lile kava la mbele ya injini kijivu. Kama umepiga akriliki, pitisha rangi nyeusi ya mafuta iliyozimuliwa na white spirit, iache ijae kwenye mapezi (ile mistari ya kupoza silinda) afu futa juujuu.

Waya usinunue wa bei, chuna erfoni mbovu au pita Kariakoo kwa mafundi simu, uzi wa shaba wa mm 0.3 unatosha maana kwa skeli hiyo ni sawa na waya wa kama sentimita moja hivi kwenye ndege ya ukweli. Toboa silinda pale plagi zinapokaa kwa biti ya kuzungusha na mkono, chomeka waya, supaglu tone moja kwa ncha ya sindano, usimimine. Na zima feni hata kama joto la Dar linakuua, mi ilishanipeperushia waya nne chini ya kochi. Ncha za pili zote zinarudi kwenye lile bomba la duara linalozunguka pale mbele ya injini.